Swali: nifuate mashindano gani ya hoki ya barafu ya mataifa msimu huu wa 2025 kuingia 2026? Na ile barafu wanaigandishaje?

FundiBaridi_Masese aliuliza:

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi hapa Jinja. Kazi yangu kubwa iko Masese, pale wanapotua wavuvi. Nahudumia mtambo wa barafu ya matofali, ile ya kuwekea mputa (wenzetu Tanzania wanamwita sangara) kabla hajapakiwa kwenye lori. Huu ni mwaka wa kumi na moja mikono yangu inashinda kwenye barafu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mataifa yanagombania ubingwa wa dunia juu yake.

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 niliitwa usiku kwenye nyumba moja ya wageni kando ya Nile. Friza la jikoni lilikuwa limekataa kugandisha na ndani mlikuwa na nyama ya wageni. Nilipofika nilikuta Waswisi watano barazani, kompyuta juu ya meza, bendera nyekundu yenye msalaba mweupe imetandikwa chini yake kama kitambaa. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Wakanionyesha jikoni kwa kidole tu. Ilikuwa fainali ya ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu, Uswisi na Marekani, inachezwa Stockholm, na ilianza saa tatu na dakika ishirini za usiku kwa saa zetu.

Ugonjwa wa friza haukuwa mkubwa, gesi ilivuja kwenye kiungo. Nikachomelea, nikavuta hewa yote, nikajaza gesi. Baada ya hapo fundi hana la kufanya ila kusubiri aone kama baridi inashika, basi nikasubiri barazani pamoja nao.

Ndugu zangu, nilichokiona sikukitegemea. Wanaume wanaruka ukuta mdogo kuingia na kutoka bila refa kusimamisha mchezo, wanakaa uwanjani chini ya dakika moja, wanarudi benchi wanahema. Hicho wanachokipiga si mpira wa duara, ni kisahani cheusi cha raba ngumu, na kinakwenda kasi hadi jicho linakipoteza. Vipindi ni vitatu vya dakika ishirini, na saa inasimama kila mchezo unaposimama, kwa hiyo hakuna mchezaji anayejilaza chini kuiba dakika. Katikati kuna mapumziko ya dakika kumi na tano. Mimi nikawa naenda kuangalia geji yangu na kurudi.

Dakika zote 60 zikaisha 0-0. Kipa wa Uswisi, Leonardo Genoni, mtu wa miaka 37, alizuia mashuti yapatayo 40. Nilikuwa namtazama yeye tu. Kisahani kiko upande wa pili kabisa wa uwanja, yeye ameinama, mikono mbele, anakwangua barafu kwa makali ya viatu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mama anayesawazisha udongo mbele ya nyumba. Kwenye muda wa nyongeza zikapita dakika mbili tu, Tage Thompson wa Marekani akaachia shuti kutoka upande wa kulia, likaingia. Mchezo ukaishia hapo hapo.

Dada mmoja kati ya wale Waswisi akafunika kompyuta taratibu, akaniuliza kwa Kiingereza kama friza limepona. Nikamwambia limepona. Ndipo akanieleza kwamba hiyo ni fainali ya nne wanapoteza: 2013, 2018, 2024 na hii. Mbili dhidi ya Sweden, moja dhidi ya Czech, na sasa Marekani. Dhahabu hawajawahi kuigusa. Baadaye nilisikia kwamba Genoni ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote, na nikajiuliza medali ya namna hiyo mtu anaiweka wapi nyumbani kwake.

Tangu siku ile nataka kuwafuata Waswisi msimu mzima. Shida ni kwamba kila nikitafuta napata mashindano tofauti: mara Finland mwezi wa Novemba, mara Sweden, mara mataifa manne huko Amerika, mara Olimpiki. Yapi yana uzito na yapi ni ya kupasha misuli? Bando langu si la kumwaga ovyo.

La pili, jedwali lao. Niliona timu imefungwa na bado imepewa pointi moja. Inakuwaje?

La tatu ni la kazi yangu. Matofali yangu ya barafu yakitoka kwenye kopo huwa safi pembeni na meupe katikati, kama yai lililochemshwa, na ukiligonga hapo kwenye weupe linapasuka. Ile barafu ya Stockholm sikuiona ikipasuka, na juu yake wanaume wenye kilo 90 wanageuka kwa makali ya chuma. Wanafanyaje?

---

Askari_Zamu_Ntinda alijibu:

Fundi, karibu sana. Mimi ni mlinzi wa usiku Ntinda, na mchezo huu nimekuwa nao tangu 2018. Nilianza kwa sababu ulikuwa hewani saa ambazo mimi niko macho. Sasa naupenda wenyewe.

Nianze na hayo mashindano. Lile la Finland la Novemba linaitwa Karjala. Liko ndani ya mzunguko unaoitwa Euro Hockey Tour, ulioanza msimu wa 1996 kuingia 1997 kwa mataifa manne: Finland, Sweden, Czech na Urusi. Kila nchi inakaribisha wenzake mara moja kwa msimu. Lile la Desemba lilikuwa la Moscow kwa miaka mingi, mizizi yake inarudi 1967. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, Warusi waliondolewa, na nafasi yao wakapewa nani? Waswisi wako. Kwa hiyo Desemba kwa kawaida sasa ni nyumbani kwa Waswisi, Februari Sweden, na Czech wanakaribisha karibu na ubingwa wa dunia wa Mei.

Uzito wake? Kombe lipo, lakini makocha wanalitumia kupima vijana. Wachezaji wakubwa wako Amerika kwenye ligi ya NHL, inayoanza Oktoba, na klabu haziwaachii. Utaona jezi ya Uswisi na nusu ya majina huyajui. Usiyadharau mashindano hayo kwa sababu hiyo. Mimi naamini Waswisi wamekomaa hapo hapo, kwa kukutana na Finland na Sweden mara kwa mara katika mechi ambazo kufungwa hakuui mtu. Kama bando ni dogo, tazama Desemba, acha mengine usome matokeo asubuhi.

Yale ya mataifa manne ya Amerika yalichezwa Februari 2025, Montreal na Boston: Kanada, Marekani, Sweden na Finland, wachezaji wa NHL watupu. Waswisi na Wacheki hawakualikwa, na hilo mimi halikunipendeza, kwa sababu Czech ndio waliokuwa mabingwa wa dunia wakati ule. Mechi ya kwanza ya Kanada na Marekani ilianza kwa ngumi, mapigano matatu ndani ya sekunde tisa za kwanza, watu wakashangilia. Sikushangilia. Fainali lakini ilikuwa kitu kingine. Ilianza saa kumi alfajiri kwetu, mimi niko getini na blanketi, Kanada wakashinda 3-2 kwa bao la Connor McDavid kwenye muda wa nyongeza. Muadhini alikuwa ameshamaliza kitambo.

Sasa msimu huu. Mkubwa kuliko yote ni Olimpiki ya Milano, Februari 2026, timu 12 kwa wanaume, na NHL inawaachia wachezaji wake kwa mara ya kwanza tangu Sochi 2014. Hapo utaona kila taifa na watu wake wote. Italia iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo hutakesha sana. Kisha Mei, tarehe 15 hadi 31, ubingwa wa dunia unachezwa wapi? Zürich na Fribourg, Uswisi. Nyumbani kwao. Kama una fedha ya mwezi mmoja tu wa bando zito, iweke Mei.

Jambo la kuangalia Mei ni wanaochelewa kufika. NHL inakuwa kwenye mtoano wakati huo, na mchezaji anajiunga na taifa lake klabu yake ikitolewa. Mwaka 2025 Nikolaj Ehlers alifika Denmark siku chache baada ya klabu yake, Winnipeg Jets, kuaga. Robo fainali, Denmark na Kanada, mjini Herning. Kanada ilikuwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na inaongoza 1-0. Zimebaki dakika mbili na sekunde chache, Ehlers akasawazisha. Zimebaki sekunde 49, Nick Olesen akafunga la pili. Kabla ya hapo Denmark ilikuwa imeifunga Kanada mara moja tu kwenye mashindano hayo tangu dunia iumbwe, mwaka 2022! Nilipiga kelele hadi mwenye nyumba akawasha taa ya nje. Ilibidi nimweleze. Akaniambia nimwonyeshe, nikamwonyesha marudio, akasimama na kandambili zake akatazama mara tatu.

Pointi sasa. Ukishinda ndani ya dakika 60 unapata 3. Mkitoka sare hadi muda wa nyongeza au penalti, mshindi anapata 2 na aliyefungwa anapata 1, kwa sababu alihimili dakika zote 60. Ukifungwa ndani ya muda wa kawaida, sifuri. Timu ni 16, makundi mawili ya nane, wanne wa juu wanaingia robo fainali, na wa mwisho wa kila kundi anashuka daraja. Mwaka 2025 walishuka Ufaransa na Kazakhstan, wamepanda Uingereza na Italia. Mechi za mkiani usizikose. Watu wanacheza kwa machozi.

La barafu siliwezi, nawaachia wengine.

---

DadaWaBusia alijibu:

Fundi, mimi nafanya biashara ya vitenge, navuka mpaka kila wiki, na Nairobi nina mtoto wa dada yangu aliyenipeleka kuona barafu ya Panari pale Mombasa Road. Uwanja wenyewe ni mdogo kuliko wa kimataifa, ule wa mita 60 kwa 30, lakini ni barafu ya kweli, na vijana wa Kenya wanaojiita Ice Lions wanafanyia mazoezi hapo. Walikaa miaka bila timu ya kucheza nayo, hadi 2018 wakapelekwa Kanada, na huko akina Crosby na MacKinnon hao hao aliowataja askari wakavaa jezi ya Kenya wakacheza nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Afrika Kusini wamo tangu 1937.

Nilimuuliza kijana mmoja swali linalofanana na lako, maana nilishangaa mashine inayopita juu ya barafu. Kwenye viwanja vikubwa, akasema, ile mashine inakwangua juu, inakusanya ungaunga, kisha nyuma yake inamwaga maji ya moto. Nikamwambia unanidanganya, maji ya moto juu ya barafu? Akasema ndiyo. Maji ya moto yanayeyusha kidogo ile ngozi ya juu ili mpya na ya zamani zishikane, na maji yaliyopashwa moto yana hewa kidogo ndani yake, kwa hiyo yanaganda safi na magumu. Aliyebuni mashine hiyo ni Mmarekani, Frank Zamboni, mwaka 1949, na hadi leo watu wanaiita kwa jina lake.

Wewe ndiye fundi, utajua kama ni kweli. Ila nilivyokusoma, ule weupe wa katikati ya tofali lako si ndiyo hewa?

---

Mbombo_Tampere alijibu:

Salaam aleikum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, niko Tampere, Finland, mwaka wa sita. Dada wa Busia amesema kweli.

Naongeza hili. Huku barafu ya uwanjani haigandishwi kwa mkupuo kama tofali. Chini kuna sakafu ya zege yenye mabomba ndani yake, yanapitisha kimiminika baridi kisichoganda. Juu wanapuliza maji kidogo sana, yanaganda, wanapuliza tena. Tabaka za chini wanazipaka rangi nyeupe, wanachora mistari, kisha wanaendelea kupuliza hadi unene ufike kama sentimita tatu au nne. Mistari unayoiona imo ndani ya barafu, haipo juu. Joto lake ni kama nyuzi tano chini ya sifuri. Ikizidi baridi inakuwa ngumu na inamegeka, ikipungua inalainika na viatu vinazama. Hata kile kisahani wanakigandisha kabla ya mchezo kisidundedunde.

Na nje, wakati wa baridi, watu wa manispaa wanakuja na bomba la maji kwenye kiwanja cha shule, wanamwagia usiku, wanarudi kesho wanamwagia tena. Wiki haiishi watoto wapo juu yake na magongo. Mwanangu alianzia hapo, anashika kiti cha plastiki mbele yake asianguke. Alikuwa na miaka mitatu.

Mei 2022 ubingwa wa dunia ulichezwa hapa hapa Tampere, Finland wakaifunga Kanada 4-3 kwenye muda wa nyongeza, na Februari ya mwaka ule ule walikuwa wametoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki Beijing. Nilikuwa nimetoka kazini na nguo za usafi. Mzee mmoja nisiyemjua, ambaye siku nyingine asingenisalimia kwenye basi, alinikumbatia akalia begani kwangu. Waswisi wako wakipata hiyo Zürich, utaona.

---

Mkonzo_Kilembe alijibu:

Fundi, usisahau kwamba Uganda tuna barafu yetu. Mimi hubeba mizigo ya wapanda mlima Rwenzori, nimefika hadi Margherita, mita 5,109. Sisi Wakonzo tunalo neno la theluji tangu mababu: nzururu. Ufalme wetu unaitwa Rwenzururu kwa ajili hiyo hiyo.

Barafu ile ya mlimani ni ya buluu ukiichimba. Haina weupe wa tofali lako, kwa sababu imekandamizwa miaka mingi hadi hewa imetoka. Lakini inapungua. Mahali nilipovaa vyuma vya miguuni mara ya kwanza, leo ni mwamba mtupu, tunapita na gambuti. Wenye nchi zinazoganda kila mwaka wamwagie maji viwanja vyao. Sisi yetu haimwagiwi, na inaniuma nikipanda.

---

FundiBaridi_Masese alirudi:

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili. Askari, nimeandika kwenye ukuta wa chumba cha mtambo: Desemba Uswisi, Februari Milano, tarehe 15 Mei Zürich. Vijana wa kupakia samaki wanauliza ni tarehe za kufunga mtambo kwa matengenezo. Nimewaeleza, na wawili wamesema watakuja kutazama.

Mkonzo, pole sana ndugu yangu. Hilo la mwamba nimelifikiria siku nzima.

Dada wa Busia, ndiyo, ni hewa. Nilikuwa najua ni hewa, lakini miaka yote nilichukulia kwamba ndivyo barafu ilivyo. Samaki hajali weupe, na mnunuzi anahesabu matofali. Juzi usiku nilichemsha sufuria mbili za maji jikoni kwa mama ntilie wa hapa getini, nikayaacha yapoe huku nimeyafunika, nikamimina kwenye kopo moja la mtambo. Makopo mengine nikayajaza maji ya kawaida. Yote nikayatumbukiza kwenye maji ya chumvi kwa pamoja.

Jana asubuhi nikayatoa. La kawaida lilikuwa vilevile, yai lililochemshwa. La maji yaliyochemshwa lina weupe bado, lakini ni mwembamba kama kidole changu cha mwisho, umesimama katikati kutoka juu hadi chini, na pembeni kote ni safi kabisa. Nikalilaza juu ya gazeti la jana lililokuwa mezani kwa karani. Kupitia upande ule ulio safi nilisoma bei ya mafuta ya taa, herufi kwa herufi. Karani naye akainama akasoma.

Kesho najaribu kwa tabaka, kama Mbombo alivyosema: maji kidogo, yagande, kidogo tena. Mbombo, wakipuliza tabaka moja wanasubiri muda gani kabla ya jingine? Na mwanao sasa ana miaka mingapi, bado anacheza?